Ramani Isiyojua Kusalimia

Juzi nilikuwa katika ofisi moja Muleba, mtaalamu wa ramani akimwonyesha mama wa Kishanda, aliyekuja kuomba zahanati, kijiji chake kwenye kompyuta. Kilipakwa kijani, maana yake zahanati iko karibu kwa barabara.

"Nusu saa tu kwa miguu, mama. Zahanati mpya ya nini?"

Mama aliifuata njia kwa kidole. "Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "na salamu umeziweka? Hapa kuna shangazi, hapa baba mkwe. Wote watauliza mtoto anaumwa nini."

Mtaalamu alicheka, akavuka barabara kutununulia maandazi. Chai ikapoa tukimngoja. Wasomaji wangu, foleni ya magari huku hatuna. Ya salamu tunayo. Tulipochungulia dirishani, bado alikuwa anapeana mikono na watu.

"Na pale alipo," mama akaniuliza, "ni kijani?"