Leso Juu ya Lenzi

Naishi Kibomet, mjini Kitale, lakini radi ninazopenda kuzipiga picha ni zile zinazoshuka kutoka Mlima Elgon na kuhamia polepole upande wa Webuye. Kwa sababu hiyo, msimu wa mvua mimi huenda Misikhu kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anayeishi peke yake.

Kazi yenyewe haina ushujaa. Kamera husimamishwa uwanjani kwenye stendi ya chuma, lenzi huachwa wazi gizani, na radi hujichora yenyewe. Mimi huketi barazani na rimoti, kwani uwanja mtupu si mahali pa binadamu saa hizo.

Shangazi hufuata desturi ya nyumba nyingi za huko: wingu likinguruma, kila kioo hufunikwa nguo, maana kioo huita radi. Usiku ule alikuwa amekwisha kufunika cha ukutani na cha kabati. Akaniuliza kuhusu changu, yaani kile cha kamera. Nilidhani ananitania, nikamjibu kwamba changu kiko kazini.

"Basi kinatuitia," akasema, akaingia ndani.

Mvua ilikuwa haijafika, ila muda kati ya mwanga na ngurumo ulizidi kufupika. Ndipo umeme ulipomulika uwanja nikamwona: ametokea mlango wa jikoni, leso mkononi, anachechemea kuelekea ile stendi. Giza likamfunika. Nilimwita, ngurumo ikaimeza sauti yangu. Mwanga uliofuata ulimwonyesha karibu zaidi na chuma, wala hapakuwa na kitu kingine kilichosimama pale.

Nilikimbia nimeinama. Vinyweleo vya mikono vilinisimama, nisijue kama ni kwa hofu au kwa hewa yenyewe. Nilimkuta akiifunga leso kwenye lenzi, bila haraka.

"Shangazi, turudi. Tafadhali."

"Ngoja nimalize. Unafikiri nimekuja juu ya kamera? Nimekuja juu yako, bana. Si ni wewe umekaa hapo nje?"

Hakukubali kuondoka kabla fundo halijakaza. Nililikaza mimi, kisha nikamshika kiuno nikamwingiza ndani. Tulikuwa tumefunga mlango tu radi ilipopasua mkaratusi wa jirani. Mabati yakalia, nasi tukajikuta tumeketi sakafuni.

Shangazi alisikiliza kidogo.

"Umeona?" akasema kwa upole. "Imepita kando."

Nilikuwa bado nimemshika mkono, na sikuweza kumwachia.