Bundi wa Timboni

Katika kikundi chetu cha wapenda ndege kwenye simu, kuna sheria moja isiyobishaniwa: kiota cha bundi hakitajwi kilipo mpaka makinda waruke. Tai, korongo, chiriku, weka picha na ramani tufurahi. Bundi, nyamaza. Huku kwetu Kibugu bundi akilia juu ya paa, watu hukumbuka wagonjwa wote wa ukoo, kisha huokota mawe. Na siku hizi kuna uvumi kwamba mayai yake yana wanunuzi.

Bundi wangu walitaga kwenye timbo la zamani la kuchimbia mawe, nyuma ya shamba la chai la jirani yangu, mjane mwenye ulimi mkali. Nilimbembeleza msimu mzima. Nilimwonyesha madonge ya mifupa ya panya yaliyotapikwa na bundi chini ya mwamba, nikamwambia panya hao ndio waliokuwa wakimaliza mahindi yake. Alipokubali, alikubali kwa majivuno. Akawa anafukuza watoto wenye manati.

"Hao watu wako wa ndege wakija, nitawakaribisha," aliniambia.

Nikamleta mwenzetu mmoja kutoka Embu mjini. Aliapa hatatoboa siri, na kweli hakutaja mahali. Aliweka picha tu: bundi jike, mayai mawili, na kwa nyuma, wazi kabisa, kituo cha kupimia majani ya chai chenye paa la buluu ambacho kila mtu wa hapa amepigia foleni. Pongezi zikamiminika. Nilimfokea hadi akaifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa. Nilikasirika nikashindwa hata kula.

Jumamosi nilishuka timboni. Nilikuta mwamba mtupu na manyoya machache yenye damu. Niliketi pale chini. Sikuwa na hamu ya kumwambia mtu yeyote chochote tena kuhusu ndege.

Jirani alinikuta hapo, uso umechangamka.

"Wageni wako walikuja jana, vijana wawili. Nilitaka kuwafukuza, wakanionyesha picha ya bundi wetu kwa simu, nikajua ni wa grupu yenu. Nikawaleta mimi mwenyewe mpaka hapa, halafu wakanywa chai kwangu."

"Walibeba kitu?"

"Katoni. Walisema ni ya kamera." Aliniangalia vizuri. "Kwani hawakukuambia walikuja?"

"Waliniambia," nikasema. "Wanakushukuru sana."