Tingatinga Hakufa

Shuleni kwetu hapa Euless kuna mwalimu aliyenifundisha mwaka mzima bila kuijua sauti yangu. Akiniuliza kitu, naandika jibu kwenye karatasi na kumsogezea. Kanisani nimo kwenye kwaya, ila nasimama nyuma kabisa, karibu na spika, ambako nikifungua mdomo bila kutoa kitu hakuna anayegundua. Kwa hiyo hili ninaloeleza ni jambo kubwa kwangu, hata kama mwingine ataona ni habari za tivi tu.

Vitabu vyenyewe nilivikuta maktaba ya shule, vimekaa rafu ya chini kwa sababu ni vinene. Ni hadithi ya nchi iliyoibiwa mto. Malkia wa milimani ameuviringisha kama mkeka na kuondoka nao, na msichana mmoja mchunga mbuzi anakwenda kuudai. Njiani anafuatana na jitu lililokuwa bawabu wa mji fulani. Mji uliungua, ukabaki ubao mmoja wa lango, na yeye anaubeba mgongoni popote aendapo. Haongei. Katika kitabu kizima cha kwanza anasema maneno ambayo mtu anaweza kuyahesabu kwa vidole. Nilimpenda kuliko mtu yeyote wa kwenye karatasi.

Waliposema wanaitengenezea tamthilia, nilifurahi na kuogopa papo hapo. Nilijiunga na makundi ya mashabiki mtandaoni. Watu walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya mbuzi, kuhusu ubao wa lango kama ni mwembamba mno. Nilisoma kila kitu na sikuandika hata neno moja.

Sasa, baba mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, anaishi jengo la pili kutoka letu. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikozaliwa, alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video. Filamu inakuja ya Kiingereza au ya Kichina, yeye anakaa pembeni ya tivi na kipaza sauti, anawaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Kichina hakujua. Kiingereza nacho alikuwa anakisikia kwa mbali. Lakini baba anasema watu walikuwa wanauliza kwanza nani anatafsiri leo, kisha ndiyo wanauliza ni filamu gani. Hapa anafanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, anapanga maboksi, na siku nzima hakuna anayemhitaji aseme kitu.

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ilipotoka nilikuwa naangalia na mama. Mama akauliza, "Wanasema nini hao?"

"Wamegombana," nikasema.

Baba mdogo alikuwa amekuja kuazima chaja. Akasimama palepale. "Wamegombana tu? Watu wanatoana mate namna ile, mtoto anasema wamegombana! Huyu anatunyima." Akakaa kwenye mkono wa kochi, akakohoa kidogo, akaanza.

Toka siku hiyo sebule yetu haikuwa yetu tena. Walikuja akina mama wa majengo ya jirani, wengine na viti vyao. Baba mdogo alimwita yule mchunga mbuzi "stelingi", kama wanavyomwita mhusika mkuu kule kwenye vibanda. Malkia akamwita "Mama Mwenye Nyumba", na kila mpangaji mle ndani akapiga makofi. Lile jitu akaliita "Tingatinga". Mama mmoja wa kanisani alipouliza kama mambo haya si uchawi, baba mdogo alimjibu bila kugeuza shingo: "Mama, Danieli alilala na simba. Wewe kaa, uangalie."

Shangazi, dada yao akina baba, anaishi Stafford, upande wa Houston. Alisikia sifa, akataka na yeye. Basi baba mdogo akawa anajirekodi kwenye simu anapotafsiri na kumtumia. Kule Stafford waliiwasha tivi, wakaizima sauti, wakaweka simu ya baba mdogo juu ya meza. Walizoea hivyo. Watoto wao wanaojua Kiingereza vizuri kabisa walikuwa wanapendelea ya kwenye simu.

Mimi nilikuwa naumia. Niseme ukweli, nilikuwa naumia sana. Kwa sababu baba mdogo alikuwa anatunga. Kikao cha wazee wa milimani alikigeuza kikao cha mahari. Akasema malkia aliiba mto kwa sababu hakualikwa kwenye harusi. Siku moja, watu walipoondoka, nilijikaza.

"Baba mdogo, malkia hakuiba mto kwa ajili ya harusi."

"Sasa aliuiba kwa nini?"

"Utotoni alikaa na kiu siku nyingi. Akaogopa kiu maisha yake yote."

Akarudia polepole: "Akaogopa kiu. Bon, sawa. Hiyo nzuri kuliko yangu." Halafu akakasirika, lakini kwa namna ya kutania. "Na wewe unaijua, umekaa nayo hapo pembeni kama mtu kaficha sukari! Si ungesema?"

Nitasemaje mbele ya watu wote wale? Lakini wiki iliyofuata malkia wake alikuwa na kiu, na mama mmoja alimlilia.

Sehemu ya mwisho ya msimu ilitoka wiki ambayo binti wa shangazi alikuwa anatolewa mahari. Ukoo mzima ulikuwa unashuka Houston, kwa hiyo tukakubaliana hakuna kuiangalia mpaka Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwa shangazi, wote pamoja, na baba mdogo mwenyewe hapo mbele, si kwa simu. Nilijitoa kwenye makundi yote ya mashabiki nisije nikaona kitu. Vitabu nilikuwa nimemaliza zamani. Nilijua mwisho wake, na niliungoja ule mwisho kama mtu anayengoja wageni.

Jumapili ikafika. Sebule ya shangazi ilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya meza ya kulia. Tukasubiri. Baba mdogo alikuwa na zamu asubuhi, alisema akitoka anaendesha moja kwa moja kuja. Tukala. Tukasubiri tena. Simu ya shangazi ikalia, akaiweka sauti ya nje.

"Nimekwama," alisema baba mdogo. "Kuna lori limelala barabarani huko mbele. Magari yote yamesimama, watu wametoka nje, mmoja hapa anacheza na mbwa wake. Nyie anzeni."

"Tuanze na nani?" shangazi akauliza.

"Yupo mtoto wa kaka. Amesoma vitabu vyote."

Sebule nzima ilinigeukia. Kisha wakacheka, hawakuwa na nia mbaya. Shangazi alisema, "Huyu? Huyu salamu yenyewe tunamvuta kwa kamba!"

"Mwekeeni simu karibu. Na mimi nisikie."

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko na bakuli la mboga ya sombe, hakunisaidia. Binamu mmoja akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka pembeni ya tivi, pale pale ambapo baba mdogo angekaa. Nikakaa. Shangazi akaniwekea simu mapajani. Tivi ikawashwa, sauti ikazimwa, maandishi yakapita chini kwa Kiingereza.

Nikaanza. Nadhani nilisema kwamba stelingi amefika mlimani.

"Halo?" ikasema simu. "Halo, imekatika?"

Watu wakafa kwa kicheko. Nikasema tena.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, na sasa hakuwa anatania, "hao wana picha. Wakikosa neno, wanaona. Mimi mbele yangu kuna matako ya gari. Sina kitu ila wewe. Nionyeshe."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifungua. Labda kwa sababu mtu mmoja ni rahisi kuliko watu arobaini. Niliinamia ile simu, nikaacha kuwatazama wengine, nikaanza kumwonyesha. Nilimwambia theluji ilivyo, yeye ambaye anaijua ya siku moja moja tu inapofunga barabara za Euless. Nilimwambia mbuzi wamebaki wangapi na yupi anachechemea. Malkia alipotokea nilitaka kumpa sauti, na sauti iliyonijia mdomoni ilikuwa ya shangazi mwenyewe.

"Nani kaacha mlango wazi?" nikasema kama shangazi anavyofoka kiyoyozi kikiwaka. "Baridi yangu yote inatoka nje! Nyie mnalipa umeme?"

Nyumba ikalipuka. Mume wa shangazi aliteleza kutoka kwenye kochi mpaka chini kwa kucheka. "Weye!" shangazi akapiga kelele. "Weye mtoto! Kumbe unatusikilizaga!" Kwenye simu baba mdogo alikuwa anapiga usukani.

Baada ya hapo sikuogopa. Tukafika kwenye lango la barafu. Hapa ndipo palipokuwa moyo wangu. Tingatinga anasimama kwenye lango, anauweka ubao wake pale palipovunjika, anauzuia kwa mgongo ili stelingi apite na mto. Ukurasa ule naujua wote. Niliinama kabisa, nadhani nilifumba na macho, nikamwambia baba mdogo jinsi askari wa malkia wanavyosukuma, jinsi ubao unavyolia, jinsi maji yanavyopita chini ya miguu ya lile jitu kwa mara ya kwanza. Mpaka askari wanachoka na kukaa chini kunywa. Naye anautoa ubao, anauweka tena mgongoni, anaondoka. Haagi. Stelingi anamwita, na yeye bila kugeuka anasema, "Kuna milango mingine."

"Mbona anazikwa?" akauliza mtoto.

Nikainua kichwa. Kwenye tivi walikuwa wanamfukia. Tingatinga alikuwa amelala juu ya ubao wake, macho yamefumbwa, na stelingi anamwagia theluji kwa mikono.

"Wewe unasema ameondoka," mama mmoja akasema, "na sisi tunaona maiti!"

"Kama baba yake mdogo tu, anatunga!"

"Wanasema nini hao?" ikauliza simu. "Endelea! Milango gani mingine?"

Mimi, niliyekuwa naumia kila wiki kwa sababu baba mdogo hasemi kilicho kwenye picha. Nilitamani sakafu inimeze. Hapo ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini niliutazama ule ubao, wamemfanyia jeneza, na nilikasirika kuliko nilivyoona aibu.

"Kwenye kitabu hakufa," nikasema. Nikasikia nimesema kwa sauti. "Tingatinga hakufa. Hawa wamemuua wenyewe."

Ikawa kama nimewaambia kuna mtu wa ukoo kaonewa. Watu walisimama. Shangazi akaielekezea tivi kidole: "Nani kawapa ruhusa? Mtu mzuri vile!" Binamu akajaribu kueleza kwamba tamthilia huwa wanabadilisha, akaambiwa akae chini. Mama mkwe wa shangazi, bibi wa watu ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote zaidi ya "asante", akanyoosha mkono.

"Simamisheni hiyo tivi," alisema. Ikasimamishwa, Tingatinga nusu kafukiwa. Bibi akanigeukia mimi. "Baada ya kusema hivyo, alikwenda wapi?"

Nikamwambia. Niliwaambia wote, sikuinama tena, kwa sababu picha sasa ilikuwa haina kazi. Nilieleza vijiji anavyopita, na mtoto anayemwuliza kwa nini amebeba mlango usio na nyumba. Katikati simu ikajaa honi. Magari yalikuwa yameanza kutembea na baba mdogo hakuwa ametembea.

"Nenda!" tukampigia kelele sote.

"Waacheni na honi zao," alisema. "Mtoto alimjibu nini?"

Alifika alasiri, bado amevaa fulana yake ya kazi inayong'aa. Alisalimu watu, akapewa sahani, na kabla hajanawa wakamvuta mbele ya tivi aone walivyomfanya Tingatinga. Wakarudisha nyuma. Akaangalia mazishi yote amesimama, ameshika sahani, hakutafsiri hata neno. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikachungulia.

"Huyu simjui," akasema mwisho. "Wa kwangu nilimwona. Alipita kando ya barabara pale nilipokwama, mlango mgongoni, anaelekea huku."

"Uongo wako huo!" shangazi akasema.

"Uongo? Hata yule mwenye mbwa alimwona."

"Haya, mlango wenyewe una komeo au hauna?" akauliza bibi, na hakuwa anatania hata kidogo.

Baba mdogo alifungua mdomo. Nilimwona jibu limeshamjaa, la kutunga, tena pengine zuri. Akalimeza. Akanyoosha kijiko kuelekea jikoni.

"Mwulizeni mwenyewe."

Bomba lilikuwa wazi, maji yanapiga masufuria, na kati yangu na sebule walikuwepo watoto wanagombania soda.

"Unalo," nikasema. "Ila limepinda."

Sikuhitaji kurudia.