Kichujio Kipya

Lori kuukuu la dizeli lilituzimikia katika mji nisioujua, dereva akamkabidhi fundi kichujio kipya cha mafuta. Fundi alifanya kazi akitupa mgongo, akipiga mluzi uliokatika kila tuliposogea, vidole akivifuta kwa tambara lililozidi kuvichafua. Akapampu kwa mkono mpaka upepo unaozuia injini kuwaka ukatoka kwenye mipira ya mafuta, injini ikanguruma.

“Kaka, kichujio cha zamani kiko wapi?” dereva akauliza.

“Nimetupa. Ulitaka nikikaange?”

“Na kipya umekifunga kweli?”

“Nifungue uone? Ila upepo ukiingia tena, mtajijua. Mimi natoka.”

Akatoka, mfuko wa ovaroli umetuna. Tukabaki tunaisikiliza injini, hakuna aliyethubutu kuizima.