Mchezo wa Moto na Kiti cha Baba

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kwa sababu tangu alfajiri sikuweza kukaa kitako. Niliufagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilipepeta mchele mpaka mama akaninyang'anya ungo, akaniuliza kama nataka mchele wote uende na upepo. Alasiri ile mchezo wangu ulikuwa unakwenda kuchezwa mbele ya watu, na watu hawakujua kwamba ni wangu.

Nakuambia haya, mjukuu wangu, kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi. Ulinipa habari njema, umechaguliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya kuandika vichekesho huko chuoni kwenu, nami nikakupongeza kwa moyo. Kisha ukaniambia, kama jambo la kupita tu, kwamba binti wa mjomba wako, Nasra, naye ameleta mchezo wake. Ukacheka, ukaendelea na mengine. Wewe uliendelea. Mimi tangu hapo silali vizuri.

Basi sikiliza. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha si zamani, na watu wa Mombasa walikuwa na kiu ya kucheka. Palikuwa na fundi cherehani mmoja wa Mji wa Kale, Bwana Twaha, aliyekuwa na kikundi cha vijana wakicheza vichekesho kwenye harusi na sikukuu. Lakini walikuwa wamekwisha. Kila harusi mlevi ni yule yule, anaanguka pale pale, na watoto wanacheka kabla hajaanguka. Bwana Twaha akaona haya. Akatangaza kwamba anayejua kuandika alete mchezo, yote ichezwe siku moja mbele ya watu, na utakaoshinda uchezwe uwanja wa Makadara siku ya Idi. Mwandishi wake ndiye atakayekiandikia kikundi tangu siku hiyo.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa msichana, sitoki ila na mama, na kichwa changu kilijaa maneno ya watu. Niliandika mchezo wangu kwa hati za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, na kaka yangu Kassim akaunakili kwa hati ya Kizungu na kuupeleka kwa jina lake. Tulikubaliana hivi: ukishinda, Kassim atamwambia baba kwamba ni wangu, na atamwomba aniruhusu niwe naandika nikiwa nyumbani. Usiposhinda, tunanyamaza. Baba hakuwa mtu wa kukubali jambo ambalo bado halijaonekana.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana bila huo hutanielewa. Mtu anakuja mbio kwa jirani yake kumwambia jiko la huyo jirani linaungua. Mwenye nyumba anamwinulia kidole: kwanza tusalimiane. Anamuuliza hali yake, na ya mkewe, na ya mama mkwe, na ule mguu wa mama mkwe, na yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Mgeni amelelewa vizuri, kila swali analijibu. Inaletwa kahawa. Moshi unaingia, na mwenye nyumba anasema leo wapishi wamejitahidi. Mwisho kabisa anamruhusu mgeni atoe habari yake, na akiisikia anaruka: "Mbona hukunambia mapema? Watu wa siku hizi hawana adabu!"

Unacheka? Na mimi nilicheka nikiandika. Ila mwenye nyumba yule hakutoka kichwani mwangu. Alikuwa baba mwenyewe. Kidole ni chake, salamu ni zake, na lile neno lake alilomwambia kila mgeni mwenye haraka, "Tusalimiane, dunia haikimbii," nalo nilikuwa nimelitia kama lilivyo.

Sikuona ubaya. Waamuzi walikuwa wamekwisha kutajwa, na baba hakuwamo. Halafu Ijumaa ile, kabla ya adhuhuri, Kassim akaingia jikoni amebadilika rangi. "Mmoja wa waamuzi ameshikwa na homa," akasema. "Bwana Twaha amemwomba baba akae badala yake, na baba amekubali."

Nikamwambia aende akautoe mchezo. Akasema vijana wameshaukariri. Nikamwambia basi alikate lile neno. Akasema, "Wewe umeandika kila mstari ni yeye, nikate lipi niwache lipi?" Hapo nilitamani nishikwe na homa mimi.

Mashindano yalifanyika mtaa wa Bondeni, katika ghala lililokuwa tupu. Wanaume walikaa mbele mikekani, sisi wanawake nyuma ya pazia la shuka. Mlangoni kila mtu alipewa buni moja, punje mbichi ya kahawa. Hiyo ndiyo kura yake. Nasikia mtu alipendekeza tende, Bwana Twaha akakataa, akijua watu wangezila kura zao kabla ya mchezo wa pili. Kwa kila mchezo palikuwa na chungu chake, na buni zetu sisi wanawake zilikusanywa na mama mmoja mtu mzima aliyepita na vikapu. Utaratibu ulikuwa kwamba hadhira itachagua michezo miwili kwa buni zake, kisha waamuzi watatu, kila mmoja na kauli yake, watachagua mmoja katika hiyo miwili. Waandishi hawakutajwa, majina yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa ambazo hata Bwana Twaha alikuwa hajazifungua.

Nilikaa pembeni, pazia lilipoachana kidogo na ukuta. Sikukaa, nasema uongo. Niliinuka, nikachutama, nikainuka tena, hata mama akanifinya paja. "Kaa kitako, we mtoto! Umekalia siafu?" Nilikuwa namtazama baba. Alikaa katikati ya waamuzi wenzake wawili, mwalimu mmoja wa skuli, na Bwana Gulamhusein, Mhindi mwenye duka la nguo, mzaliwa wa hapo hapo aliyekisema Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, vizuri kuliko wengine wetu.

Mchezo wangu ulipoanza, baba alikuwa akitabasamu. Kidole kilipoinuliwa jukwaani watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Mguu wa mama mkwe ukafika, akacheka zaidi. Kisha yule kijana akasema, "Tusalimiane, dunia haikimbii," na nikamwona baba akinyamaza ghafla. Aliinamisha uso. Ghala zima lilikuwa likivuma, wanawake wakigongana mabega na kufuta machozi, mama yangu mwenyewe amejifunika kanga uso asionekane anavyocheka. Baba peke yake hakucheka tena.

Nikajua nimekwisha.

Buni zikahesabiwa. Miwili iliyobaki ni wangu wa moto, na mwingine wa kijana wa Kibokoni, wa bahili anayejifanya kiziwi ili asidaiwe. Ulikuwa mzuri, sitauponda, ingawa siku ile niliuponda sana. Mwalimu akasimama, akauchagua wa bahili. Bwana Gulamhusein akasimama, akasema, "Mimi huu wa moto umeniua. Nautaka huu." Ikabaki kauli ya baba. Nilikuwa namwogopa na namwomba kwa pamoja. Nilisema moyoni: amekasirika, ataninyima. Mara nikasema: lakini alicheka, nimemwona kwa macho yangu.

Baba akainuka. Akasema, "Mchezo huu wa moto wanihusu. Sina haki ya kuuhukumu. Niwieni radhi."

Bwana Twaha akashangaa. "Wakuhusu vipi, Mzee? Waandishi hukuwajua. Sema tu lililo moyoni mwako."

"Nikisema lililo moyoni mwangu, n'takuwa nimeshahukumu," akajibu. Akaondoka kwenye kiti, akaenda akakaa mkekani pamoja na watu wengine. Watu wakanong'ona. Kiti kile kikabaki kitupu, na Bwana Twaha, hana la kufanya, akasema, "Basi twarudi kwenye buni." Chungu cha bahili kilikuwa na buni nyingi kuliko changu. Kijana wa Kibokoni akabebwa mabegani. Na mimi, mwanangu, nikatoka nikiwa nimeng'ata kanga ili nisipige kelele.

Nilitembea mpaka nyumbani mbele ya mama kama ninafukuzwa. Baba aliporudi alivua kofia, akakaa, akaomba maji. Kassim akanikonyeza ninyamaze, hilo ndilo tulilokubaliana. Nilimpelekea maji, na nilipomkabidhi gilasi maneno yakanitoka yenyewe: "Baba, kwa nini uliinuka? Ulikuwa ni wa kushinda ule! Neno lako moja tu!"

Akaniangalia. Akamwangalia Kassim. Kisha akaniangalia tena mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilidhani ni huyu."

Ningeweza kuzama ardhini. Mama alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Nilingoja anipige, au aseme sitashika kalamu tena nyumbani kwake. Lakini aliweka gilasi chini, akaniambia nikae. Mimi, kwa hasira, nikakaa.

"Mchezo wako niliupenda," akasema. "Niliupenda kuliko ule mwingine. Ndiyo sababu niliinuka."

"Ungenipa basi, baba!"

"Sikiliza. Nilipolisikia neno langu pale, nilijua aliyeandika amekula chakula changu. Tangu hapo sikusikia mchezo tena. Nilikuwa namsikiliza mwanangu. Ningekupa, ningekuwa nampa mwanangu. Ningekunyima kwa kuogopa watu, ningekuwa namdhulumu mwanangu. Hapo ningesema lipi la haki? Mtu hawezi kuhukumu kwa masikio ambayo hanayo tena."

Nikamwambia hakuna ambaye angejua. Akasema, "Mimi ningejua. Na wewe siku moja ungejua, na kila utakapochekesha watu ungejiuliza kama ni wao wanacheka au ni babako."

Sikuridhika. Nililia, nikamwambia ameniharibia. Hakunikemea. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akanisogezea lile gilasi la maji nikanywa mimi. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza habari ya kawaida tu, "Lakini mwisho wako ni mrefu. Yule bwana akishaambiwa nyumba yaungua, asiseme mengi. Na kahawa ya pili amimine yeye mwenyewe, taratibu, huku moshi waingia. Hapo ndipo watu watakapokufa." Mama akashindwa, akacheka kwa sauti. Baba naye akacheka, na ndipo nilipojua kwamba kule ghalani alikuwa amekizuia kicheko chake, si kwa ghadhabu, bali asije akapendelea hata kwa uso.

Mchezo wangu haukuchezwa Makadara. Kikundi kilimchukua kijana wa Kibokoni. Siku ya Idi nilikataa kwenda, nikasema kichwa kinaniuma. Sitakudanganya kwamba maumivu yale yalipona haraka, maana mpaka leo nikipita Makadara huniuma kidogo. Lakini baba aliniletea karatasi na wino kila mwezi mpaka nilipoolewa, na kila nilichoandika nilimsomea, naye akaniambia palipo pabaya bila kunionea haya. Nilipochekesha watu baadaye, nilijua wanacheka wao.

Sasa wewe. Uliniambia kwenye simu, "Bibi, usiwe na wasiwasi, nitakuwa wa haki." Najua ungependa kuwa. Hata baba yangu angependa kuwa, naye alikuwa mtu wa haki kuliko wewe na mimi. Mwanangu, ukiujua mkono ulioandika, wewe si mwamuzi tena. Usijipime, usijiambie utajitahidi, usingoje uone kama mchezo wa Nasra ni mzuri au mbaya. Waambie wenzako mapema, kabla pazia halijafunguliwa, na uinuke. Baba aliinuka alipojua, na alijua katikati ya mchezo. Wewe unajua tangu sasa. Na usieleze mengi unapoinuka, maana maelezo nayo ni kauli.

Nasra huenda akakosa kwa sababu yako. Atakununia, huenda akakwambia umemharibia. Mwache anune. Mpelekee maji, kaa naye, kisha mwambie mwisho wake ni mrefu, kama ni mrefu kweli.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio linalosikia na miguu isiyokawia kuinuka, na awajaalie wote watakaocheka siku hiyo wacheke kwa dhati yao. Amin. Mpigie simu msimamizi wa mashindano leo, mwanangu, kabla hujala.