Punje ya Hindi Chini ya Shati

Aibu yangu mimi iko hapa, mkono wa kushoto, na nikiwasimulia mtacheka, lakini chekeni tu, wakwe zangu wameshanizoesha.

Nilikuwa natoka Lodwar kwenda Kakuma, kwa kina Akiru, kuomba nimuoe, na hofu yangu haikuwa baba yake, ilikuwa mafuta ya mkia wa kondoo, maana tumbo langu halijawahi kuyakubali (kwetu Vihiga tumelelewa na mboga), na Akiru alikuwa ameniambia wazi kwamba nikikataa chakula cha baba yake, au nikikitapika, nisahau ndoa. Sasa jirani yangu Nekesa, ambaye hukanda watu na amejifunza tiba za Kichina, akanionyesha mahali pa kubonyeza kichefuchefu kikija: unapima vidole vitatu kutoka kifundo cha mkono, upande wa ndani, kati ya ile mishipa miwili. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona kidole kitachoka, nikafunga punje ya hindi hapo kwa raba, nikaifunika na shati la mikono mirefu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Tukasalimiana, ejok, ejok, sinia likaja, nikameza kipande kimoja, tumbo likapanda, nikabonyeza. Mzee Ekai, baba yake Akiru, akarudisha kipande chake kwenye sinia. Nikabonyeza zaidi, nikatabasamu (sijui kwa nini nilitabasamu). Wanaume wawili wakasogeza viti nyuma. Mama mtu akawaita watoto ndani. Nikajiuliza, jamani, nanuka? Nimekaa mahali pa mtu? Na kadiri nilivyochanganyikiwa ndivyo nilivyozidi kuizungusha ile punje chini ya shati, macho kwa Mzee, jasho linatiririka.

"Kijana," Mzee akasema polepole, "hiyo kitu iko kwa mkono, toa. Weka chini."

"Ni dawa tu, baba."

"Dawa ya kufanya nani?"

Akiru akanikunja mkono wa shati mwenyewe, mbele ya wote, raba ikakatika, punje ikaanguka kwenye sinia. Ndipo akaninong'oneza kwamba wazee wao walikuwa wakivaa kisu cha duara kwenye kifundo cha mkono, na mgeni akishikashika pale huku amekukazia macho, huyo hajaja kuoa.

Nikafungua mdomo niombe msamaha, na badala ya maneno kikatoka kile kipande cha mkia. Nikajua Akiru nimempoteza.

Mzee akaiokota punje, akautazama mkono wangu, pale ilipoacha shimo jekundu. "Kumbe alikuwa anaumia," akawaambia wenzake, "na anajifinya yeye mwenyewe. Huyu hawezi piga msichana yangu. Leteni yeye chai."

Nilioa. Lakini niliapa: tumbo likichafuka nasema kwa mdomo, mikono iko magotini, wazi. Na mpaka leo nikifika Kakuma, Mzee hunikunja mkono wa shati kwanza, anakagua, ndipo tunasalimiana.