Gari Lililokataa Rivasi Kibokoni

Leo mamangu, ambaye haoni vizuri, ndiye aliyeona kosa langu.

Saa mbili unusu asubuhi nilikuwa nampeleka hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Miadi yake ilikuwa saa nne, na ameisubiri tangu kabla ya Ramadhani.

Gari letu ni otomatiki. Nikaweka rivasi. Likanguruma, halikusogea.

Kichochoro chetu hapa Kibokoni hakina pa kugeuzia. Hutoki ila kinyumenyume.

Nikazima injini, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yamejaa.

"Mafuta nimethibitisha yapo," nikawaambia walioketi barazani. "Giaboksi imekufa."

"Mwandishi wa habari kathibitisha," akasema jirani yangu, Mzee Athmani, akiitania kazi yangu. "Basi tuandike tanzia."

Mama akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Umepima injini ikiwaka?"

"La, Mama. Nimezima."

"Na babako alikuwa na teksi. Ya giaboksi hupimwa injini ikiwaka; ikizimwa, kijiti hudanganya. Washa."

Nikawasha, nikapima tena. Kijiti kimelowa ncha tu.

Mama akaomba kitambaa nilichofutia kijiti, akanusa.

"Hayajaungua. Yamepungua."

Nikaenda dukani, nikanunua lita moja, nikaongeza kidogo kidogo. Rivasi ikashika. Nikachungulia chini, nikaona paipu ya mafuta ikivuja, nikaikaza klipu.

Tumefika saa nne kasorobo.

Wangapi hapa hupima mkiwa mmezima? Semeni kweli, nisiaibike peke yangu.

Naandika nikiwa nje ya chumba cha upasuaji. Kabla ya kuingia aliniambia, "Nikitolewa bandeji, hicho kijiti nitakisoma mwenyewe."